Uji wa Mwende: sufuria moja, moto mmoja

Najua wengine wenu mmekuja hapa mkitarajia sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata. Itakuja, msiwe na wasiwasi. Ila kwa miezi mitatu sasa akili yangu imehamia jikoni. Tuna binti, anaitwa Mwende, na tangu atimize miezi 6 amekuwa akila. Mtu mdogo akianza kula, nyumba nzima hugeuka maabara! Na kwa kuwa mimi nilisomea sayansi ya kompyuta wala si lishe, nimeifanya kazi hii kwa njia ninayoijua: kupima, kuandika kwenye daftari, kupima tena.

Mke wangu ndiye aliyeweka masharti. Chakula cha mtoto kitapikwa nyumbani, na zile pakiti laini za kufyonza, zenye kifuniko cha kuzungusha, hazitaingia kwetu. Sababu yake ni nzuri. Pakiti ile imetengenezwa kwa tabaka za plastiki na karatasi ya alumini zilizogandishwa pamoja, na kuzitenganisha ili zitumike tena ni kazi ngumu mno. Kwa sisi wa Nairobi maana yake ni Dandora, basi. Ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya mwaka 2017, yenye faini ya hadi shilingi milioni 4, haikugusa plastiki ambayo kiwanda hufungia bidhaa. Kwa hiyo pakiti hizo ni halali kabisa, zimepangwa dukani zikiwa na picha za maembe na watoto wanaocheka.

Nilikubaliana naye, lakini nilikuwa na neno langu. Takataka huonekana kwa macho, ndiyo maana sote tunazizungumzia. Moto hauonekani. Mtu anaweza kukataa pakiti moja, halafu akawasha gesi mara nne kwa siku kuchemsha viazi viwili vya mtoto, kila mara katika kisufuria chake, na nusu ya chakula ikamwagwa. Sioni kama huyo ameokoa mazingira. Nikamwambia mke wangu tuhesabu vitu vyote: pakiti, moto na chakula kinachotupwa. Akanitazama jinsi anavyonitazama nikianza mambo yangu. Tukakubaliana.

Halafu kliniki ikatuongezea hesabu ya nne.

Mwende alipofika miezi 7, nukta yake kwenye kitabu cha kliniki ilikuwa imesogea kidogo sana. Kilo 6.9 mwezi wa 6, kilo 7 kamili mwezi wa 7. Nesi hakutupigia kelele. Aliuliza swali moja tu: ukiinamisha kijiko, uji unakaa au unamwagika? Ulikuwa unamwagika, kama uji wa kila nyumba ninayoijua. Akasema, "Basi mnampa maji yenye rangi. Nendeni mkauzidishe uzito, mrudi mwezi ujao." Akaita mtu mwingine.

Usiku ule nilifungua kipakatalishi nikafanya hesabu, na nawaomba mnifuate kidogo kwa sababu ndiyo kiini cha mambo yote. Shirika la Afya Duniani husema mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, juu ya maziwa ya mama. Ni chache. Lakini tumbo lake hubeba kama gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 7, basi, ana nafasi ya gramu 210 hivi kwa mlo mmoja. Kikombe, hakuna zaidi.

Sasa chukua uji mwepesi, gramu 50 za unga kwenye lita moja. Unga wa nafaka una kilokalori kama 350 kwa kila gramu 100, kwa hiyo lita nzima ya uji ule ina kilokalori 175. Ili Mwende afikishe 200 angehitaji kunywa zaidi ya lita moja kwa siku! Hayo ni matumbo matano na zaidi, na bado hajanyonya. Uji wa gramu 200 kwa lita una kilokalori 700. Hapo angehitaji chini ya mililita 300, yaani milo miwili tu. Tatizo ni kwamba uji wa gramu 200 kwa lita ni kama ugali uliokosa msimamo. Mtoto asiye na meno huusukuma nje kwa ulimi, na wewe unaachwa na chakula kizuri kwenye bibu.

Tunauhitaji uzito wa unga, lakini tunautaka wepesi wa uji. Kwa mtayarishaji programu hilo ni swali tamu sana. Nilikuwa tayari kuanza kutafuta mashine ya kusaga, lakini mama yangu, aliyeko Kakamega, alilimaliza kwa simu kwa sentensi moja: "Si mtie kimea?"

Wale wa magharibi mnakijua kimea, wengi wenu kwa sababu ya busaa. Ni wimbi lililooteshwa, likakaushwa, likasagwa. Mbegu inapoota hutengeneza kimeng'enya kinachoitwa amilesi, ambacho kazi yake ni kukatakata minyororo mirefu ya wanga ili mmea mchanga upate sukari. Ndiyo hiyo minyororo mirefu inayoufanya uji kuwa mzito. Tia kijiko kimoja cha kimea kwenye uji mzito wenye joto la wastani, koroga, subiri. Niliweka bakuli mbili mezani, moja yenye kimea na nyingine bila. Baada ya dakika 10 hivi ile ya kwanza ilikuwa inatiririka kutoka kwenye kijiko, na unga ulikuwa ule ule, kilokalori zile zile. Nilicheka peke yangu jikoni. Hakuna mashine, hakuna umeme. Maji, kitambaa na jua, basi.

Kuna utaratibu lakini. Uji ukiwa unachemka, joto litakiua kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Ukiwa umepoa sana kitafanya kazi polepole. Mimi hukitia kwenye nyuzi 65 hivi, nikishapima kwa kihisi joto, naye mama yangu hukitia pale anapoweza kugusa ubavu wa sufuria kwa mgongo wa vidole bila kuruka. Nilijaribu njia yake huku kihisi kikisoma: nyuzi 64. Sina la kuongeza. Uji ukishalegea, urudishe motoni uchemke tena, maana kimea ni kibichi na mbegu zilizokaa kwenye unyevu siku mbili zina vijidudu vyake. Na kama utatumia mtama badala ya wimbi, sugua na kupepeta vichipukizi vyote kabla ya kusaga. Vichipukizi vya mtama vina kitu ambacho mwilini huachilia sianidi. Wimbi halina shida hiyo, ndiyo maana sisi tunatumia wimbi.

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu.

Mama alituma kimea chake mwenyewe, kilo mbili, kwa matatu kutoka Kakamega. Ilikuwa wiki ya mvua. Mzigo ulilala njiani usiku mmoja, na ulipofika gunia dogo lilikuwa na alama ya maji upande mmoja. Wakati huo mama mkwe alikuwa kwetu, amekuja kutoka Makueni kumwona mjukuu. Alifungua gunia, akachota kiganja, akanusa, akakirudisha.

"Baba Mwende," akaniambia, "hiki hakiingii kinywani mwa mtoto."

Nikamwambia, "Mama, tunaweza kukianika. Ni kona moja tu iliyolowa."

"Ukungu haukai kona moja."

Mwaka 2004 yeye alikuwa Makueni. Mnaokumbuka mnakumbuka: mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yakaota ukungu, na ukungu ukaacha sumu ya aflatoksini, ile ambayo ndugu zetu Watanzania huiita sumukuvu. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui. Walikuwa wamekula mahindi ya mashamba yao wenyewe, chakula cha nyumbani ambacho hakikupita kiwandani wala dukani. Mama mkwe aliona jirani akigeuka macho manjano na tumbo kufura, na hajazungumza sana kuhusu jambo hilo tangu nimjue. Siku hiyo alizungumza. Sumu ile, alisema, haifi kwa kupikwa. Ni kweli. Unaweza kuuchemsha uji hadi jioni, ukungu utakufa lakini sumu itabaki.

Fikirieni hali yangu. Mama aliyenizaa ameotesha wimbi kwa mikono yake, ameanika, amesaga, ametuma kwa nauli yake. Mama aliyenipa mke anasema kitupwe. Na mtoto mwenyewe ana kilo 7 na nukta isiyosogea. Kipimo cha aflatoksini sina nyumbani, na kihisi changu cha joto hakijui lolote kuhusu sumu. Kiwango kinachoruhusiwa hapa Kenya kwa mahindi ni sehemu 10 katika bilioni. Jicho haliwezi kuona hiyo, wala pua. Pua ya mama mkwe ilinusa ukungu tu, na huo ulitosha.

Kilitupwa. Nami nikauliza, angalau tuwape kuku wa jirani, si ndiyo kutunza mazingira? Mama mkwe akakataa hilo pia, na amesema sawa: sumu hii hudhuru mifugo, na ng'ombe akiila hutokea kwenye maziwa. Tukakizika kwenye shimo nyuma ya ploti. Kilo mbili za chakula ardhini. Katika hesabu yangu ya vitu vinavyotupwa hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote, na nimeiacha ilivyo.

Kisha nikampigia mama. Nilimweleza yote, pamoja na habari za 2004. Alikaa kimya, nikadhani laini imekatika. Halafu akauliza, "Kilinyeshewa wapi?" Nikamwambia sijui. Akasema, "Mpe simu mama wa Makueni." Walizungumza dakika arobaini! Mimi nilitolewa jikoni. Nilichookota ni kwamba mmoja alikuwa akieleza kuotesha na mwenzake alikuwa akieleza kukausha, na hapo katikati walikuwa wakinicheka.

Kimea tunachotumia sasa kilioteshwa kwenye baraza letu la ghorofa ya tatu. Wimbi lilichaguliwa kwenye ungo, likalowekwa usiku mmoja, likachujwa, likalazwa kwenye kitambaa kibichi na kufunikwa kwa siku mbili, likinyunyiziwa maji asubuhi na jioni. Likishachipua, jua kali kwa siku mbili au tatu, likiwa limetandazwa jembamba, na linaingizwa ndani kabla ya umande. Mama mkwe hutafuna punje: ikikatika kwa mlio, imekauka. Kwa mahindi ana njia nyingine iliyonifurahisha zaidi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia punje na chumvi kavu, tikisa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, nafaka ina unyevu wa zaidi ya asilimia 15 hivi. Isiponata, iko chini ya hapo, na bado unaianika zaidi, maana ghalani inatakiwa asilimia 13.5. Kihisi cha unyevu kwa bei ya chumvi, na hakihitaji betri.

Kwa sababu hiyo hiyo sinunui unga wa uji uliochanganywa vitu kumi kutoka kwenye gunia lililo wazi sokoni. Si kwamba karanga na soya ni mbaya. Ni kwamba punje mbovu unaweza kuichagua ikiwa punje. Ikishasagwa na wenzake tisa, huna la kuchagua. Sisi husaga wimbi kidogo kidogo, la wiki mbili, katika mfuko wetu wa kitambaa.

Turudi kwenye moto, maana niliahidi. Mke wangu alipata kikapu cha jiko lisilo na moto, vile vinavyojazwa nguo kuukuu na kufunikwa kwa mto. Unachemsha chakula, unakitia humo na sufuria yake, kinaendelea kuiva kwa joto lake chenyewe. Wamama wa vikundi wanavisifu sana, nami nilitaka kuona grafu. Nilichukua kihisi cha DS18B20, kile kilichofungwa ndani ya bomba la chuma kisichoingiza maji, nikakiunganisha na kibao cha ESP8266 kilichokuwa kimelala kwenye droo tangu mradi wa mwaka juzi, nikajaza sufuria maji lita 3 nikachemsha.

Jambo la kwanza grafu ilionyesha lilinikumbusha jiografia ya shule: Nairobi maji hayachemki kwa nyuzi 100. Tuko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, kwa hiyo huchemka karibu na 94. Ndiyo maana maharagwe hutusumbua kuliko watu wa Mombasa. Ndani ya kikapu, lita 3 zilisoma nyuzi 84 baada ya saa mbili, 75 baada ya saa nne, 68 baada ya saa sita, na zikashuka chini ya 60 muda mfupi baada ya saa nane. Hiyo 60 ndiyo mstari wangu. Kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaliana, na chakula cha mtoto si mahali pa kubahatisha.

Halafu nikarudia kwa nusu lita, kiasi cha mtoto. Ikavuka mstari kabla ya saa nne kutimia. Ukiwa na chakula kidogo, eneo la nje ni kubwa ukilinganisha na kilichomo, kwa hiyo joto hukimbia. Kumbe kikapu kinachookoa gesi kwa familia kinaweza kuwa kitanda cha vijidudu kwa kisufuria cha mtoto! Hapo ndipo hesabu zangu zote nne zilipokutana. Mtoto hahitaji sufuria yake. Ale kutoka kwenye sufuria yetu.

Basi ndengu (kutoka Makueni, zitoke wapi tena?) hulowekwa usiku, huchemka dakika 15 pamoja na kipande cha malenge, huingia kwenye kikapu saa tatu. Zikitoka zinachemshwa tena kidogo, na kabla ya chumvi, kitunguu na pilipili, vijiko vinne vya Mwende vinaondolewa na kusagwa kwa uma. Vinavyobaki ni chakula chetu. Moto mmoja, jasho moja. Maharagwe mekundu tunayapa nusu saa nzima ya kuchemka kwa nguvu kwanza, maana mabichi yana sumu yake na joto la kikapu peke yake haliitoi. Ndengu zikiwa nyingi, tunagandisha kwenye trei ya barafu, kisha vipande vinaingia kwenye bati la chuma lenye tarehe, na cha zamani hutoka kwanza. Stima ikipotea usiku kucha na vikayeyuka, vinaliwa na baba.

Kipande kikitoka kwenye barafu kinapashwa hadi kitoe mvuke, mara moja tu. Na humpakulia kidogo, vijiko viwili kisha viwili tena, kwa sababu kilichoguswa na kijiko cha mdomoni hakirudi kwenye bakuli. Madini ya chuma nayo yanataka makala yake: akiba aliyozaliwa nayo mtoto huanza kuisha karibu na miezi 6. Maini laini mara mbili kwa wiki, ndengu, na embe au chungwa pembeni ili vitamini C isaidie chuma cha ndengu kuingia mwilini. Avokado hatuipiki, ganda lake ndilo bakuli.

Mama mkwe alikuja pia na asali ya Ukambani, kitu cha hali ya juu. Zamu hii mimi ndiye niliyekataa. Asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja, inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu ambazo tumbo la mtoto haliwezi kuzizuia. Nilimweleza kwa heshima zote. Akaitazama chupa, akaandika tarehe ya kuzaliwa ya mjukuu kwenye kifuniko, akaiweka juu ya kabati nisipoifikia kwa urahisi.

Mwende ana miezi 9 sasa, kilo 7.9. Wiki hii tunaanza omena. Nimeshapokea maagizo mawili tofauti ya jinsi ya kuzisaga, moja kutoka kila upande, na wote wawili wamesema watapiga simu kuuliza.